Kurudi kwenye baiskeli ukiwa na umri wa miaka 58: anza na siti

Shikamoo mzee wangu. Umesema magoti yanauma kwa mbele tangu uanze tena kuendesha Phoenix yako hapo Tabora, baada ya kuiacha miaka mingi. Maumivu ya mbele mara nyingi huletwa na siti iliyo chini mno, maana goti linakunjwa kupita kiasi kila unapokanyaga. Kaa kwenye baiskeli, mtu aishike. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Mguu usiponyooka, pandisha siti sentimita 1 tu kwa mara moja. Magoti yakianza kuuma kwa nyuma, umezidisha.

Baiskeli hiyo ni nzito na haina gia, kwa hiyo kwenye mchanga shuka usukume. Kulazimisha ndiko kunakoua magoti. Wiki mbili za kwanza, dakika 20 mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali, kwa mwendo unaoweza kuongea. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki. Nyumbani, inuka na kukaa kitini mara 10, raundi mbili, siku za kupumzika.

Pima presha kwanza, tafadhali. Kifua kikibana, acha na uende hospitali mara moja.