Mwambie "hapana", kisha utazame

*Shangazi, nina miaka 21, nasoma chuo Kampala. Mpenzi wangu akipiga simu hutaka nimtumie picha papo hapo aone nilipo. Namba yangu ya siri ya mobile money anayo. Anasema wanaopendana hawafichani. Huu ni upendo?*

Binti yangu, umenikumbusha jikoni kwangu, Bombo, siku ya Idi. Mpwa wangu alikuwa akikata vitunguu, simu ikatetema. Akaacha kisu, akajifuta mikono kwenye gauni, akapiga picha sufuria na ukuta, kisha akaniomba nisogee nionekane. Aliporudi kwenye vitunguu vidole vilikuwa vinatetemeka. Sikumuuliza zaidi.

Wivu kidogo sote tunao; kujua kama huu wake ni upendo, mjaribu. Badilisha namba ya siri leo. Akitaka picha, mjibu kwa upole: "Leo situmi, niko salama, tuongee jioni." Usiongeze maelezo. Anayekupenda huenda akanuna, halafu atauliza kulikoni, mtazungumza. Anayetaka kukutawala atapiga mara kumi, atatukana, atatishia kukujia hosteli au kujidhuru. Na kama unasoma haya ukiogopa hata kujaribu, hofu hiyo ndiyo jibu lako. Usimkabili mkiwa wawili tu. Mwenzako wa chumbani ajue kwanza. Sheria ya Uganda ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inahesabu wivu uliopita kiasi, unaomnyima mtu faragha na uhuru wake, kuwa ukatili. Kwa hiyo usikubali kuambiwa unakuza mambo.

*Naendesha boda Arua, nina miaka 24. Msichana wangu huniomba pesa kila wiki, lakini huu ni mwezi wa nane tangu tuanze, na hajanitambulisha hata kwa rafiki mmoja.*

Wiki mbili usitume kitu. Usisingizie kwamba pikipiki imeharibika, sema tu kwamba hutoi. Mwalike chai stejini, mbele ya wenzako. Akija, mna la kuzungumza. Asipopokea hata simu, mwanangu, inauma, lakini umejua.

*Niko Jinja. Tumeishi pamoja miaka mitatu, tuna mtoto. Nikiuliza lini atakwenda kwa wazazi wangu, anasema kisheria sisi ni mke na mume tayari.*

Si kweli. Uganda, kuishi pamoja hakugeuki ndoa, hata mkifika miaka ishirini. Zinazotambuliwa ni ndoa ya serikali, ya kanisa, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Mtoto ana haki kwa baba yake. Wewe, akifariki kesho, hutahesabiwa mjane. Inawezekana anaogopa gharama za kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa mke, vijana wengi hukwama hapo, na hilo linazungumzika: kwa msajili wa serikali hakuna anayedai ng'ombe. Muulize ni mwezi gani, akutajie. Na kama mnanunua kiwanja kwa pesa zenu wote wawili, jina lako liingie kwenye makubaliano sasa, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wenu.

*Tunapendana mwaka wa pili sasa, tuko Lira. Tumepima, sote ni AS, yaani tumebeba urithi wa sikoseli bila kuugua. Wazazi wanataka tuachane.*

Mmefanya vizuri kupima kabla ya mimba. Katika kila mimba, nafasi ya kupata mtoto mwenye selimundu, ile tunayoita sikoseli, ni 1 kati ya 4. Nasema kila mimba: wa kwanza akizaliwa mgonjwa, hesabu ya wa pili inaanza upya, ile ile. Sitawaambia muachane, wala sitawaambia wazazi wananyanyasa. Huenda wamewahi kumbeba mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa.

Nendeni pamoja mkaonane na mhudumu wa afya anayetibu watoto wa sikoseli, mmuulize dawa, gharama, safari za hospitali. Kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi yake: niko tayari kuzaa, kulea mtoto wa kuasili, au kukaa bila mtoto? Msionyeshane mpaka wote mmemaliza. Wazazi waombeni miezi mitatu.