Simu inasema mzigo umefika, mimi sijauona!

SWALI: Jamani nimeshinda nyumbani siku nzima namsubiri mtu wa delivari, jioni nacheki simu naona imeandikwa mzigo umefikishwa, hodi sijasikia wala simu sijapigiwa. Kampuni ya delivari inasema niongee na muuzaji, muuzaji ananirudisha kwa kampuni. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, na inauma kweli mtu ushalipa halafu ndo unaanza kubembeleza. Mbane muuzaji kwanza, usikubali kuzungushwa, maana kwa kawaida yeye ndo aliyewalipa wasafirishaji kwa hiyo madai yake wanayasikiliza kuliko yako. Mwambie awaombe picha ambayo dereva alipiga mlangoni alipoacha mzigo, kama ipo, na sehemu mzigo uliposkaniwa mara ya mwisho, mashine nyingi za madereva zinarekodi GPS, yaani mahali dereva alipokuwa, na hapo ndo utajua kama uliachwa nyumba nyingine. Majirani waulize leo leo. Kuna madereva wanabonyeza "umefika" mapema wamalize orodha ya siku, mzigo unakuja kesho yake, ila usikae wiki ukisubiri, madai yana mwisho wake. Ongea kwa meseji ubaki na ushahidi. Ulilipa kwa kadi? Muuzaji akigoma, nenda benki ukapinge hayo malipo.