Kwa mdogo wangu unayeanza umeme kwenye chuo kidogo

Nilisoma umeme wa majumbani miaka miwili, chuo binafsi chenye madarasa manne na karakana moja. Darasani tulikuwa 29, mbao za mazoezi zilikuwa tatu. Piga hesabu mwenyewe. Wawili watatu wanafunga swichi, wengine tunachungulia mabegani mwao, na waliofunga leo ndio haohao watakaofunga kesho, kwa sababu wameshakuwa wepesi na mwalimu ana mtaala wa kumaliza. Mimi nilichungulia hadi muhula wa kwanza ukaisha.

Sikitukani chuo kidogo. Mwalimu wetu alikuwa anajua nani hajala na nani anadaiwa kodi ya chumba. Ila saa za mkono wako kushika waya hutapangiwa kwenye ratiba, utazitafuta.

Kama hujalipa ada, ingia kwanza kwenye tovuti ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, uangalie usajili. Watu bado wanasema "chuo cha VETA" wakimaanisha chuo chochote cha ufundi, lakini VETA ni mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye vyuo vyake, na kusajili vyuo vya ufundi stadi sasa ni kazi ya NACTVET. Usiishie kwenye jina la chuo, uliza na kozi yako. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwenye ushonaji, umeme ukawa bado. Mchanganuo wa ada uchukue kwa maandishi, wenye mistari ya vifaa na mtihani. Sisi mwaka wa pili tuliambiwa ada ya mtihani haikuwemo, na wenzangu wawili wakarudi nyumbani kuuza mahindi ya mama.

Sasa hizo saa za mkono. Nilizipata kwa ufagio. Nilianza kufika saa moja asubuhi kumsaidia mtunza karakana kufagia, naye akawa ananiachia mabaki ya waya na boksi za swichi zilizovunjika. Nusu saa kila siku, peke yangu, nafunga na kufungua swichi ya ngazi, ile ya kuwasha chini na kuzima juu, hadi vidole vikazoea bila mchoro. Jumamosi nilimfuata fundi wa mtaani. Miezi miwili hakunipa plaizi, alinipa tindo na nyundo nitindue kuta. Nilinung'unika sana. Baadaye nikaona kwamba anayetindua ndiye anayejua paipu imepita wapi, na kwa nini taa zinavutiwa waya wa 1.5 na soketi 2.5, yaani unene wa waya kwa milimita za mraba. Darasani nilikuwa nazikariri tu hizo namba.

Hapa nitakaa kidogo, maana nusura panitoe roho. Nyumba za zamani laini, waya unaoleta moto, ni nyekundu, na nyutro, waya wa kurudishia, nyeusi. Waya za sasa laini ni kahawia, nyutro bluu, na erthi kijani chenye mstari wa njano. Kwenye fezi tatu za sasa, yaani umeme unaoingia kwa laini tatu, kahawia, nyeusi na kijivu zote ni laini. Umeiona hiyo nyeusi? Waya wa rangi moja, nyumba hii nyutro, nyumba ile moto. Nilikuwa fildi, yale mazoezi ya kazini ya chuo, tunaongeza chumba kwenye nyumba ambayo mafundi wawili wa enzi tofauti walishapita. Nikaona nyeusi, nikasema nyutro, nikashika. Umeme ulinirusha kutoka kwenye ngazi hadi kwenye lundo la mchanga, na namshukuru aliyeumwaga pale. Usiamini rangi. Zima breka, kisha testa yako ijaribu kwanza mahali unapojua pana moto, halafu pima waya wako, halafu rudi pale penye moto uone testa bado iko hai. Watakucheka kwamba unachelewesha kazi. Waache wacheke.

Kuhusu fildi yenyewe, wengi hutafuta mahali pa kugongewa mhuri tu kwenye logibuku, daftari la kuandikia kazi za fildi, kwa mjomba mwenye duka la vifaa. Wewe tafuta mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama atakulipa nauli tu. Cheti chako peke yake hakikupi mhuri, na mteja akitaka kuunganishiwa umeme, TANESCO wanahitaji mchoro uliogongwa mhuri na mwenye leseni. Asiyemjua huyo mtu anamaliza nyumba nzima, kisha anaanza kuhangaika kumtafuta mgeni wa kumgongea, na hela yote inaishia huko. Mkandarasi wangu wa fildi ndiye ananigongea hadi leo, na kazi ndogo zisizomtosha ananisukumia mimi.

Kiingereza cha mtihani kisikutishe. Maswali yanajirudia, pata ya miaka ya nyuma.

Na bei. Mtaani umeme unahesabiwa kwa pointi: taa pointi, swichi pointi, soketi pointi. Kazi yangu ya kwanza peke yangu nilitaja bei kwa vyumba, vitatu na sebule, kabla hata sijaingia ndani. Kumbe mama mwenye nyumba alitaka soketi kila kona na taa sita sebuleni. Nilifanya siku tisa kwa hela ya siku nne. Sasa naenda na chaki, tunazunguka naye chumba kwa chumba, anaonyesha, naweka alama ukutani, tunahesabu wote wawili kwa sauti, ndipo natamka bei.