Binti Hakuwemo Kwenye Ombi la Mamake

Nilipofunga ndoa Mombasa, mke wangu alikuwa na binti wa miaka 15 na nusu. Mimi tayari nilikuwa raia wa Marekani, naishi Minnesota. Niliporudi nikajaza fomu I-130 ya mke, yaani ombi la kumleta jamaa Marekani, nikaandika jina la binti panapoulizwa watoto, nikatulia.

Miezi mitano ikapita. Siku moja msikitini mzee mmoja akaniuliza, "Na ya mtoto umeipeleka lini?" Ya mtoto ipi tena? Ndipo nilipojua kwamba raia akimwombea mkewe, ombi ni la mke peke yake. Kila mtoto ana I-130 yake na ada yake. Mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) asiye raia ndiye ambaye mtoto wa mkewe huweza kuingia kwenye ombi la mamake. Uraia ulinifupishia foleni, ukaniongezea karatasi.

Tarehe ya kuichunga zaidi ni ya ndoa. Sheria humtambua mtoto wa kambo iwapo ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mkichelewa hata wiki, malezi yako yote hayakusaidii. Kutuma ombi ndiko kwenye nafasi: raia anaweza kulituma kwa foleni hiyo fupi mradi mtoto hajafika 21 wala hajaoa au kuolewa, na umri huhesabiwa siku ombi lilipopokelewa. Kumuasili, yaani kumfanya mwanao kisheria, si sharti.

Kilichotutesa ni cheti cha kuzaliwa. Mimi na binti tunaunganishwa na mamake, kwa hivyo jina la mama lazima lisomeke sawa kila mahali. Letu lilikuwa na "i" kwenye cheti cha mtoto na "e" kwenye cheti cha ndoa. Herufi moja! Tukala kiapo kwa wakili. Maafisa wa uhamiaji wakataka pia uthibitisho wa talaka ya mke katika ndoa yake ya kwanza, nao ulikuwa umebaki kwenye sanduku la shangazi yake huko Lamu. Tafuteni hizi mapema, kabla ya kulipa ada yoyote.

Kwenye I-864, fomu ya kuahidi kuwakimu unaowaleta, kipato kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na mke na binti wanahesabiwa kuwa watu wa nyumba yako hata kabla hawajapanda ndege.

Mahojiano yalikuwa Nairobi. Afisa alimwuliza binti baba wa kambo anafanya kazi gani. "Anaendesha lori, mchana analala." Akapita.

Mama alikataa kumtangulia mwanawe, wakatua siku moja. Kwa kuwa ndoa haikuwa imetimiza miaka 2, grini kadi zao ni za miaka 2 tu, na I-751, fomu ya kuomba kadi zisizo na sharti hilo, inatungoja. Uraia wangu nao haumfikii binti. Kuasili kungemfaa hapo, ila hutakiwa kufanyika kabla ya miaka 16, na sisi tulikuwa tumebakiwa na miezi sita. Mamake ataweza kuomba uraia akitimiza miaka 3 na kadi, lakini binti atakuwa ameshavuka 18. Anahesabu miaka 5 yake mwenyewe, na tarehe ameibandika kwenye friji.