Shangazi Anajibu: Fedha Inapoingia Kati ya Wapendanao

Barua za mwezi huu zimetoka Kibirizi, Mwanga na Ujiji, hapahapa Kigoma, na moja imetufikia kutoka Tabora. Kila mwandishi anasema anauliza habari za mapenzi, lakini ukiondoa salamu na manung'uniko, kinachobaki karibu katika kila barua ni fedha: nani ameitoa, nani ameishika, na ni jina la nani lililoandikwa. Sioni aibu katika hilo, na sitajibu kama mtu anayeiona.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, ninakausha na kuuza dagaa hapa Kibirizi. Mchumba wangu ni mvuvi katika kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, cha mtu mwingine, na barua yake ya posa imekwisha kupokelewa nyumbani. Hivi karibuni tulivunja kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, nami nikapata mgawo wa shilingi 2,600,000. Mchumba wangu anaomba nimpe fedha hizo, aongezee na zake, anunue mtumbwi na mashine ili aache kuvulia watu. Anasema tukioana kila kitu kitakuwa chetu sote. Nilipotaja habari ya kuandikishana, dada yake aliniambia kwamba mwanamke anayedai karatasi kwa mume mtarajiwa ameshaanza kufikiria talaka. Ninampenda na sina sababu ya kumshuku. Nimpe?*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa posa. Nianze na wifi yako mtarajiwa, kwa sababu nadhani maneno yake ndiyo yaliyokukosesha usingizi kuliko ombi la mchumba mwenyewe. Amelielewa jambo hili kinyume. Karatasi unayoitaka haina kazi kubwa kati yako na mchumba wako, ambaye unasema humshuku. Kazi yake ni siku ambayo yeye hatakuwepo kukusemea. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, na pepo za Tanganyika kila mkazi wa Kibirizi anazijua. Mungu apishie mbali, lakini likitokea la kutokea kabla ya ndoa, wewe mbele ya sheria hutakuwa mjane wala mrithi. Mtumbwi na mashine vitahesabiwa kuwa mali ya marehemu na kugawanywa kwa ndugu zake, pamoja na dada huyohuyo. Sisemi kwamba ana nia hiyo. Ninasema kwamba siku hiyo usipokuwa na karatasi utakuwa na machozi tu, na machozi hayapokelewi barazani kama kielelezo.

Sasa tuitazame kauli ya kwamba mkioana kila kitu kitakuwa chenu sote. Wengi wanaiamini, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 58 kinaeleza kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke. Kifungu cha 60 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wenu itachukuliwa kuwa ni ya huyo aliyeandikwa, na iliyopatikana kwa majina yenu wawili itachukuliwa kuwa ni yenu kwa mafungu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kisha kuna kifungu cha 61, ambacho wanawake wengi hawajapata kukisikia: mume au mke akimpa mwenzake mali, huchukuliwa kuwa ameitoa moja kwa moja, isipokuwa athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Ama zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa, kifungu cha 71 kinaruhusu zidaiwe ndoa isipofungwa, ilimradi mahakama iridhike kwamba mtoaji alikusudia zitegemee kufungwa kwa ndoa hiyo. Popote unapopita, basi, unakutana na swali moja: ulikusudia nini ulipotoa, na utalionyesha kwa kitu gani?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama umpe, kubalianeni kwanza fedha hizo ni za namna gani. Zikiwa zawadi, mpe na usizitaje tena, hata siku mtakapogombana. Zikiwa mkopo, andikeni kiasi na namna ya kurejesha. Zikiwa ubia, chombo kisajiliwe na leseni ya uvuvi ikatwe kwa namna inayoonyesha kwamba wenyewe ni wawili, na muandikiane fungu la kila mmoja. Mimi ningechagua ubia, kwa sababu wewe tayari uko katika biashara hiyohiyo: yeye anavua, wewe unakausha na kuuza, na hakuna anayeweza kudai kwamba hujui thamani ya kinachotoka ziwani. Nendeni kwa wakili mkiweza. Mkishindwa, andikeni kwa mkono nakala mbili, msaini mbele ya mashahidi, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake, na ofisi ya serikali ya mtaa ipige muhuri. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na sidhani kama walikuwa wakifikiria talaka.

Mkichagua mkopo, msiweke marejesho ya kila mwisho wa mwezi kama ya mtumishi wa serikali. Wewe unajua, ila nawaandikia pia wasomaji walio mbali na ziwa: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, na mbalamwezi inapokuwa kali vyombo hukaa ufukweni kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Mapato ya mvuvi hufuata giza. Marejesho nayo yafuate giza, yatolewe baada ya mafuta kulipwa na wavuvi kupata mgawo wao. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mkataba usiosema lolote kuhusu miezi ya namna hiyo utawagombanisha wapendanao wasio na kosa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Usitoe shilingi 2,600,000 zote. Kufunga ziwa humsimamisha mvuvi kwanza, lakini mwenye dagaa wakavu ghalani bado ana kitu cha kuuza, na mara nyingi kwa bei nzuri. Mtaji wako wa kukaushia ndio utakaowalisha siku mtumbwi wake utakapolala mchangani. Masika ikija dagaa wakakosa jua na kuharibika, utahitaji pa kuanzia tena bila kumwomba mtu. Toa sehemu, bakiza sehemu, na umweleze sababu bila kuzungukazunguka. Akinuna siku moja, mwache anune. Akinuna mpaka harusi iyumbe, niandikie tena, kwa sababu hilo litakuwa swali jingine kabisa.

*Shangazi, mimi ni fundi seremala hapa Mwanga. Mke wangu huangalia kila jioni tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kisha huniuliza kwa nini sijawahi kumletea hata ua moja. Asubuhi redio nayo inapiga nyimbo za mapenzi, zote za magari na safari. Tuna watoto watatu na mbao zimepanda bei. Nimfungie king'amuzi?*

Ukikifunga, ataenda kutazama kwa jirani, na huko atakusema. Mimi mwenyewe huzitazama tamthilia hizo, na nimeona kwamba kijana mwenye maua huwa ana kampuni ambayo hatuoni akiifanyia kazi. Wanamuziki nao wako kazini: mkoa wetu unajivunia wenye asili ya hapa kama Diamond Platnumz na Ali Kiba, ambao wamefanya kuimba mapenzi kuwa ajira inayowalipa vizuri, wakati wewe unatakiwa kuyaishi bila malipo na kesho yake uamkie randa. Shindano hilo huliwezi, na mkeo anajua.

Ninachotaka kukuuliza ni hiki: katika nyumba yako kuna kitu gani ulichokitengeneza kwa ajili yake? Nimeingia katika nyumba nyingi za mafundi, na mara nyingi kabati zuri liko kwa mteja huku nguo za mke zikiwa kwenye sanduku lisilofunga. Kusanya mabaki ya mbao za mninga uliyonayo, umtengenezee meza ya kujipambia yenye kioo na droo, na umwache achague urefu wake mwenyewe. Haitakugharimu kuliko maua ya kununua kila wiki, na majirani wataiona, jambo ambalo nadhani lina uzito kwake kuliko anavyokiri.

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Ujiji, nimeolewa kwa miaka 14 na sijawahi kuajiriwa. Mume wangu ni dereva wa lori. Tulipooana kulikuwa na kiwanja kitupu. Sasa kuna nyumba, na ni mimi niliyekuwa nikipika chakula cha mafundi, kumwagilia matofali maji na kulea watoto akiwa safarini. Tukigombana husema nyumba ni yake, kwamba sikuchangia hata tofali moja. Juzi nimesikia anazungumza na mnunuzi. Nina haki gani?*

Marahaba, mama. Suala lako lina haraka, kwa hiyo nitaanza na la kufanya. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu, na kinamtambua mwenzake kuwa na maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio. Nyumba ikiwa na hati, zuio huwekwa kwa msajili wa hati. Ikiwa haina, kama zilivyo nyingi katika mitaa ya zamani ya Ujiji, mwandikie barua mwenyekiti wa mtaa leo, umweleze kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa na hujaridhia kuuzwa, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri, kwa sababu mauziano ya namna hiyo kwa kawaida hupita mbele yake. Mnunuzi naye akipata habari hiyo, mara nyingi hujiondoa mwenyewe. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wapo kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Ama habari ya tofali, mume wako amechelewa sana kuusikia uamuzi wa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Nisikufiche upande wa pili. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia fungu katika nyumba iliyogombaniwa, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe na akazitumia ovyo. Tena, mgawanyo huo hufanywa mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, wala si katikati ya ndoa inayoendelea. Kwa hiyo usiende kudai nusu ya nyumba leo. Leo unazuia isiuzwe.

Hukuniambia kwa nini anataka kuuza. Dereva anayenyamaza huku akitafuta mnunuzi huenda ana deni, au ana nyumba nyingine. Muulize mbele ya mtu mzima anayemheshimu, kabla hujamshitakia ndugu zako. Kama ni deni, kuna mengi ya kuzungumza, likiwemo la wewe kuanza biashara yako mwenyewe, maana miaka 14 ya kumwendeshea nyumba akiwa safarini imekufundisha kupanga matumizi kuliko unavyodhani. Kama ni nyumba nyingine, barua ile ya mwenyekiti itunze vizuri zaidi.

*Shangazi, heshima kwako. Mimi ni kijana wa Tabora, ninauza asali sokoni. Nimempata mchumba kwenye mtandao, anaishi Gungu, Kigoma. Nimemtumia nauli mara tatu aje tuonane. Mara ya kwanza alifiwa, mara ya pili simu iliharibika, mara ya tatu bibi aliugua. Nimtumie tena?*

Usimtumie. Nauli imekwisha kuliwa, kijana wangu, na bibi huyo nadhani ana afya njema kuliko mimi. Lakini sitaki kukuvunja moyo kwa kukisia tu, kwa sababu wapo mabinti wenye sababu nzuri ya kuogopa kusafiri usiku kucha kumfuata mwanaume ambaye hawajawahi kumwona, na akiwa mmoja wao hata mimi ningemshauri asije. Wewe ndiye unayetafuta mke, kwa hiyo safiri wewe. Treni inayotoka Tabora hupita Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma mjini. Mjulishe siku utakayofika, umwombe mkutane mchana mahali penye watu, na uwe na chupa ya asali kwa ajili ya mama yake. Asipotokea, shuka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ununue migebuka mikavu ukauze Tabora. Walau mara hii utakuwa umeila nauli mwenyewe.