Ramani ya lehemu ya kata huharibikia mlangoni

Kama mnataka ramani ya lehemu (kolesteroli, mafuta yaliyomo kwenye damu) ya kata yenu, na mna matokeo ya kambi ya upimaji wa bure, msiyachoree ramani. Waliofika uwanjani ni wazee waliosindikizwa na wajukuu, wenye presha wanaojijua na majirani wa uwanja. Fundi aliyekuwa kazini hakuja, wala mama wa genge. Ukichora namba hizo, umechora waliopata nafasi ya kuja.

Kwa kata ya mjini, tuseme Dar es Salaam, anzeni na kibali cha maadili ya utafiti kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha barua ya halmashauri, ndipo muende kwa watendaji wa mitaa. Rejesta ya wakazi huwaacha nje wapangaji, kwa hiyo piteni na mjumbe nyumba kwa nyumba mkiorodhesha kila kaya. Majengo mengi ya jiji hilo yamo kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015. Yahesabuni kwanza, mtajua mjumbe akiruka uchochoro.

Sasa idadi ya watu, ambapo wengi hujidanganya. Mkikisia kwamba robo ya watu wazima wana lehemu nyingi, na mnakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, hesabu inatoa watu 289. Zidisheni kwa 1.5, kwa kuwa wa mtaa mmoja hufanana, mnapata 434. Ongezeni nafasi ya asilimia 10 watakaokataa au kukosekana, yaani 434 gawanya kwa 0.9: 482. Hiyo inatosha kuisemea kata nzima. Haitoshi kulinganisha mitaa. Kata ikiwa na mitaa 6, kila mtaa utabaki na watu kama 72 waliopimwa; wakipatikana 18 wenye lehemu nyingi, jibu ni asilimia 25, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya 15 na 35. Mtaa wa asilimia 20 na wa asilimia 28 hapo hawana tofauti ya kupakia rangi mbili. Mkitaka kulinganisha mitaa, pimeni watu wengi zaidi kila mtaa. Fedha zikiwa hazitoshi, unganisheni mitaa iwe kanda mbili.

Mlangoni pa kaya iliyochaguliwa kutoka kwenye orodha, usimpime aliyefungua. Andika majina ya wote wa miaka 18 hadi 69 wanaolala humo, piga kura, apimwe aliyetoka. Hayupo? Rudi mara tatu, mara moja jioni na mara moja Jumapili. Bila hivyo sampuli inajaa kina mama na wastaafu, na wanaume wenye ajira wanapotea. Mwezi wa Ramadhani na siku za Idi ziacheni, mlo haufanani na wa kawaida.

Kipimo chenyewe kina mitego yake. Lehemu ya jumla haihitaji mtu kufunga kula. Anayeombwa kufunga mara nyingi ni wa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Anawe kwa sabuni na maji, akauke, maana mikono iliyotoka kukanda chapati au kupakwa losheni inachafua tone. Akae dakika 5. Choma pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, futa tone la kwanza, liache la pili lijikusanye lenyewe. Ukikamua kidole, majimaji ya nyama yanachanganyika na damu na namba inashuka. Stripi, vile vipande vya kudondoshea damu vinavyoingia kwenye mashine, haziwezi joto: nyingi haziruhusiwi kuzidi nyuzi 30, na begi lililofungwa kwenye bodaboda saa saba mchana wa Februari linapita hapo kwa urahisi. Zibebeni kwenye kisanduku cha ubaridi, barafu isiziguse, na kifuniko kirudi mara tu stripi moja inapotoka, kwa sababu unyevu wa pwani unaziua.

Kila asubuhi pimeni dawa ya kuhakiki mashine, yaani kimiminika ambacho kiwango chake kinajulikana. Mtu 1 kati ya 10 atolewe pia damu ya mshipa ipelekwe maabara. Mashine inayozidisha kwa 0.3 tu huwavusha mstari wengi waliokuwa na 4.8, kwani mpaka wa kuitwa lehemu nyingi ni 5.0 mmol/L, sawa na takriban 190 mg/dL. Chagueni kizio kimoja na mkifunge kwenye kishikwambi, la sivyo 5.2 na 201 zitakaa safu moja. Mashine ikionyesha alama ya “chini ya”, yaani kiwango kiko chini ya kile inachoweza kusoma, msiandike sifuri. Anayetumia statini, dawa za kushusha lehemu, ahesabiwe kuwa na tatizo hata kama leo amesoma 4.1.

Kabla ya kupaka rangi, sawazisheni umri kwa takwimu za Sensa ya 2022. Mtaa wa nyumba za zamani wenye wazee wengi utawaka nyekundu kwa umri wa wakazi wake tu. Na msiweke kamwe nukta ya kila nyumba: kwenye mtaa mdogo kila mtu atajua ni kwa nani.

Kila aliyepimwa aondoke na karatasi yake siku hiyohiyo. Aliyevuka 5.0 aelekezwe zahanati akapimwe presha na sukari, kwani lehemu peke yake haiamui dawa. Aliyefika 8 na zaidi apelekwe kwa daktari ndani ya siku chache, na ndugu zake wa damu na watoto wapimwe pia, sababu kiwango hicho mara nyingine kinarithiwa.