Shangazi, soba wamemkataa mwanangu na dawa za hospitali zilimpinda shingo

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Mbagala, nauza vitenge. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17 yuko fomu three, alikuwa mtoto mpole anajisomea mwenyewe hadi majirani wanamsifia, ila tangu mwaka jana amebadilika. Alianza bangi na wenzake wa kijiweni, hii ya sasa wanaita skanka, halafu nikaja kugundua na vidonge vya valiamu, hivi vya kutuliza na kuleta usingizi, anavinywa, sijui anavitoa wapi. Sasa hivi halali, anaongea peke yake, anasema kuna kamera kwenye balbu na baba yake anamtilia sumu kwenye chai. Juzi kavunja simu yangu eti inamsikiliza.

Tulimpeleka hospitali akachomwa sindano akatulia, kesho yake shingo ikapinda upande ulimi ukawa mzito tukaogopa sana, tangu hapo dawa hataki hata kuziona. Nikaenda soba moja, hizi nyumba za kuachisha ulevi, wakaniambia mama huyu ana kichaa sisi tunapokea waraibu tu, kamtibu kwanza. Kule hospitali nao waliniambia aache bangi kwanza. Sasa nianzie wapi? Baba yake anasema ni majini, bibi yake yuko Tanga anataka tumpeleke kwa mtu wake. Mimi kwa kweli nimechoka, kuna siku nampa buku mbili aende zake ili wadogo zake wale kwa amani. Nisaidie shangazi.
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na hiyo shingo maana ndiyo imekuharibia kila kitu. Hayo si majini wala si daktari kakosea sindano, ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa za akili kama haloperidol, na vijana wa kiume ndio yanawapata zaidi, tena siku za mwanzo mwanzo. Ukirudi hospitali haraka kuna dawa ya kulegeza misuli na mara nyingi inaachia ndani ya muda mfupi tu. Tatizo watu hawaambiwi mapema, wanakimbia na mgonjwa hawarudi tena. Kwa hiyo rudi, waambie kilichotokea, omba wamwangalizie dawa nyingine, zipo kama olanzapine na risperidone ambazo shida hiyo ni nadra kidogo ingawa nazo zina zake, unene na usingizi. Usije ukamnunulia mwenyewe hiyo ya kulegeza shingo dukani, wengi wanaiita atene, maana nayo vijana wanailewea.

Hilo la "aache bangi kwanza" na la "atibiwe kichaa kwanza" yote mawili nayakataa, na ukiniuliza ndipo wazazi wengi wanapopotezea mwaka mzima. Mtoto ni mmoja. Akiwa anasikia sauti hawezi kuacha bangi kwa sababu ndiyo anayodhani inamtuliza, na akiendelea kuvuta dawa hazifanyi kazi vizuri. Yanatibiwa pamoja, chini ya daktari mmoja anayejua yote. Ubongo wa mtoto wa umri huo bado unakua, na hii bangi kali ndiyo mbaya zaidi kwao, hasa kama kwenye ukoo kuna mtu aliwahi kuugua. Ulizia pande zote mbili, kama kuna mjomba mliyekuwa mnasema karogwa naye mtajeni, daktari anataka kumsikia. Na usikubali mtu akuambie siku ya kwanza kwamba huyu ni mgonjwa wa maisha, wapo wanaotulia kabisa baada ya kuacha na wapo ambao ugonjwa unabaki, hiyo inaonekana kwa muda wakiwa wanafuatiliwa.

Valiamu ndiyo inayonitia hofu kuliko bangi. Aliyezoea kuinywa kila siku ukimfungia ndani ghafla anaweza kupata degedege, na degedege hilo linaua. Kwa hiyo kama mna mpango wa kumfungia chumbani siku tatu hadi atoke safi, usiuguse. Mwambie daktari anakunywa vingapi kwa siku, hata kama ni kwa kukisia, wao watampunguzia taratibu.

Kuanzia wapi sasa. Wewe uko Mbagala, hospitali ya rufaa ya Temeke ina kliniki ya akili, wakiona imewazidi watakupa rufaa ya Muhimbili ambako kuna idara kubwa na wodi za kulaza. Mirembe Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili lakini huna haja ya kukimbilia huko kabla hujamaliza za hapa karibu. Andika kwenye daftari yalianza lini, halali tangu lini, anatumia nini, pakiti za dawa alizopewa beba zote. Akikataa kwenda usimdanganye kwamba mnaenda harusini, wakishadanganywa mara moja hawaamini tena. Mwambie tunaenda kutafuta usingizi, maana kukosa usingizi hata yeye kunamtesa. Kama ana hatari, anatishia kuua au kujiua, hapo hakuna kubembeleza, ita wajomba, ita mjumbe, mpelekeni usiku huohuo, na nyumbani ondoa visu, sumu ya panya na dawa zote. Bado hajatimiza 18 kwa hiyo kisheria ni mtoto, wazazi ndio mnaotoa ridhaa ya matibabu. Hela ikiwa shida ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini kabla hujaondoka, watu wengi wanaona aibu wanarudi na mgonjwa nyumbani.

Soba iwe baadaye, akishatulia. Zipo nzuri sana na zimeokoa watoto wa watu, lakini nyingi zinaendeshwa na waliowahi kuwa mateja wenyewe, wanajua ulevi, ugonjwa wa akili hawaujui. Kabla hujatoa hata shilingi waulize: mtoto wa miaka 17 analala na watu wazima? Dawa zake za hospitali nani atazitunza na kumpa kwa saa yake? Kuna nesi anakuja? Naruhusiwa kumuona lini? Kuna kupiga au kufunga minyororo? Wakikujibu kwamba hapa dawa zote ni ulevi tu, toka. Na uulize wamesajiliwa wapi.

Hiyo habari ya kamera usibishane naye, wala usimkubalie. Mwambie mimi siioni ila naona unaogopa, nipo hapa. Baba yake naye asimcheke. Buku mbili pia iishe, mnunulie chakula, mnunulie ndara, hela mkononi hapana, na hilo mkubaliane nyumba nzima pamoja na bibi. Kuhusu bibi, dua haigombani na kidonge, kasomeni dua mchana na usiku mkitaka. Ila akitokea mtu anasema acheni dawa za kizungu, au anataka kumfunga kamba, hapo umwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mtoto haendi. Shule waone mkuu wa shule na barua ya daktari, mwaka mmoja nje si mwisho wa masomo.

Na wewe ulale mama. Wadogo zake wakae kwa shangazi yao hata wiki mbili.

SWALI: Shangazi mimi niko Mwanza, kaka yangu anavuta unga na akiukosa anapata arosto mbaya, yale mateso ya kuukosa. Nasikia kuna dawa inaitwa methadoni wanatoa bure, je na rafiki yake anayetumia bangi tu anaweza kupewa?
Dada wa Nyamagana

JIBU: Kaka yako ndiyo, rafiki hapana. Methadoni inafanya kazi kwa unga, yaani heroini na jamii yake, kwa bangi au pombe haisaidii kitu. Ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na huko kwenu iko hospitali ya Sekou Toure. Ni bure, anakunywa kila siku mbele ya nesi, kwa hiyo jiandaeni na nauli maana ndiyo inayowashinda wengi. Asichanganye na valiamu wala pombe, pumzi inaweza kukata. Na kama ameacha unga kwa wiki kadhaa, labda alikuwa soba au rumande, akateleza akarudia kipimo chake cha zamani, mwili umeshasahau, anaweza kufa na hiyo kete moja. Mwambie hilo leo, usisubiri hadi siku ya kliniki.